Paukwa Kwenye Tangi: Mwongozo Kamili wa Onyesho la Hadithi Linaloongozwa na Samaki

Mara ya kwanza nilipowasha onyesho hili, aliyeitikia "Pakawa!" alikuwa bodaboda. Spika ilisema "Paukwa!", maikrofoni ikasubiri sauti ya mtu, watoto wa jirani wakabaki wameduwaa, na pikipiki moja ikapita nje ya ukuta wetu hapa Sinza ikinguruma kwa eksozi iliyotobolewa. Mashine ikaridhika, ikaanza kusimulia. Kisha watoto wakapata moyo, wakaitikia kwa sauti ya uwanja wa mpira, na samaki wote wakazama ndani ya magamba ya konokono wanamoishi. Hawakutoka karibu saa nzima. Tukabaki watu tisa tunatazama mchanga.

Nimelijenga upya mara tatu tangu siku ile. Ninachoeleza hapa ndicho kilichobaki: tangi la samaki, na vifuu vitano vya nazi vinavyoning'inia mbele yake. Mgeni anainua kifuu, anakiweka sikioni kama mtu anavyosikiliza kombe la pwani, na anasikia sauti ya mmoja wa samaki anaowaona. Anachoambiwa kinategemea samaki huyo anafanya nini wakati huohuo.

Kanuni ni moja, na ukiishika utaelewa kwa nini nimefanya kila kitu kama nilivyofanya. Chochote afanyacho samaki kinaweza kubadilisha anachosikia mtu. Chochote afanyacho mtu kisibadilishe kitu ndani ya maji. Hakuna kugonga kioo, hakuna taa inayowaka ghafla, hakuna spika iliyobandikwa kwenye tangi.

Samaki mwenyewe

Nimemchagua Neolamprologus multifasciatus, ambaye wafugaji humwita multi. Ni wa Ziwa Tanganyika, ni ndugu wa perege na sato kwa ukoo, ila dume lake lina sentimita 5 hivi na jike ni dogo zaidi. Anaishi ndani ya magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, ambaye hapatikani kwingine ila ziwa hilohilo. Multi huchimba mchanga kwa mdomo, akautema pembeni, akalizamisha gamba mpaka ubaki mlango tu. Jike hutaga ndani. Watoto hukulia mlangoni kwa mama yao. Dume hulinda ua mmoja wenye majike kadhaa, na ugomvi wa kila siku ni nani kamwagia nani mchanga. Kwa kifupi ni uswahilini: mlango unatazamana na mlango, na hakuna siri.

Kile kiitikio chetu cha zamani kinasema "kajenga nyumba kakaa", halafu kinamalizia na vijino "vya kujengea kikuta na vilango vya kupitia". Nilikikariri utotoni bila kujiuliza. Siku nilipomwona multi amejaza mdomo mchanga, anajenga kikuta mbele ya kilango chake, nikajua nimepata onyesho.

Wapate kwa mfugaji anayewazalisha kwenye matangi. Wanazaliana kwa urahisi, hivyo hakuna sababu ya kuwatoa ziwani. Anza na sita hadi wanane. Kama tayari una goldfish au gapi, mengi ya hapa yatakufaa, lakini hao ni watembezi, hawana anwani. Itabidi hadithi yako iwe ya safari na si ya majirani.

Tangi na maji

Hapa ndipo muda mwingi unakwenda, na ndipo wasanii wengi wanapotaka kuruka hatua. Usiruke. Tangi lianze walau miezi mitatu kabla ya siku ya wageni.

Nilimpelekea fundi wa vioo na aluminiamu vipimo vya sentimita 80 urefu, 40 upana, 40 kimo, kioo cha milimita 6. Hiyo ni lita 128 likijaa mpaka ukingoni. Maji peke yake yatakaribia kilo 120, ongeza mchanga na kioo, unapita 150. Meza ya plastiki haiwezi. Nilitumia fremu ya chuma ya kuchomelea, juu yake plaiwudi, na kati ya plaiwudi na kioo kipande cha sponji nyembamba ili punje moja ya mchanga isije ikapasua sakafu ya tangi. Mwambie fundi atumie silikoni ya kawaida, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya mabafuni ina dawa inayodhuru samaki. Mzee wangu wa vioo alikuwa na tyubu ya bafuni mkononi nilipofika.

"Shikamoo mzee. Hiyo ina dawa ya ukungu?"

"Marahaba. Ndiyo, nzuri hii, haioti weusi."

"Samaki watakufa, mzee."

Akaitazama tyubu, akanitazama mimi, akasema, "Basi na mimi nisiwe ninaivuta kila siku," akaenda dukani kubadilisha.

Liache likauke wiki nzima, kisha lijaze maji, likae siku mbili nje uone kama linavuja.

Mchanga wa multi uwe laini, kina cha sentimita 5 hadi 7, maana bila kina hawezi kujenga. Nilichukua mchanga wa mto kwa wauza vifaa vya ujenzi, nikauchekecha kwa chekecheke la unga, nikauosha ndoo baada ya ndoo hadi maji yakatoka meupe. Ndoo kumi na nne. Usichote wa Coco Beach: una chumvi, na ufukwe si ghala lako.

Maji ya bomba ya Dar yanatoka kwa sehemu kubwa Mto Ruvu na yametiwa klorini. Yaache kwenye ndoo wazi, pampu ya hewa ikivuma ndani yake, siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini kutoka kwa wauza samaki wa mapambo. Maji ya kisima yaonje kwanza, kwani visima vingi vya mji huu vina chumvi, hasa karibu na bahari. Ziwa Tanganyika lina maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 8 na 9, lakini si ya chumvi. Nilipandisha pH kwa kuweka vipande vya mawe ya chokaa vilivyooshwa ndani ya kichujio, na magamba nayo yakasaidia.

Kisha ngoja bakteria. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wanaoota kwenye sponji ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi sita kuwa wengi wa kutosha. Kwa samaki wa Tanganyika usiibe siku, kwa sababu pH inapokuwa juu na maji ya moto, sehemu kubwa zaidi ya amonia hukaa katika hali yake ya sumu. Nunua vipimo, tia chembe za chakula kwenye tangi tupu ili amonia ianze kutoka, na usitie samaki hadi amonia na nitriti zipande kisha zirudi sifuri. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki.

Hita huihitaji. Adui yako ni Januari na Februari. Multi anapenda nyuzi 24 hadi 27, na chumba changu kilifika 31. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu kwa sababu maji yanapovukizwa huondoka na joto. Yanapungua haraka, kwa hiyo ongeza kila siku. Pampu ya hewa isizimike, kwani maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Nunua ile inayotumia betri umeme unapokatika, na uijaribu kabla umeme haujakatika.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye mabango ya wauza samaki: dawa ya mbu. Zile za kupuliza zina viuadudu vinavyoua samaki kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba ikaipeleka moja kwa moja majini. Nilibandika karatasi mlangoni, USIPULIZE DAWA, na bado usiku mmoja mlinzi alikuja na kopo lake kwa nia njema kabisa. Nilimkuta kizingitini. Udi na ubani nao viwekwe mbali, hata kama vinapendeza kwenye hadithi za kale.

Nyumba tano

Magamba ya Neothauma kuyapata Dar ni kazi, na hakuna haja. Konokono mkubwa wa Afrika, yule anayetapakaa bustanini baada ya mvua, asili yake ni pwani hii hii yetu, na magamba matupu ya wadogo wake yenye sentimita 4 hadi 6 yanatosha kabisa. Okota yaliyo matupu tu. Usiyashike kwa mikono mitupu. Yachemshe dakika ishirini, yatikise, yaloweke, yachemshe tena mpaka yasitoe harufu.

Weka magamba mengi kuliko samaki, mawili kwa kila mmoja, la sivyo utaanzisha vita. Lakini yapange katika mafungu matano yaliyoachana sentimita 15 hivi, maana kamera itahitaji kujua nyumba ya nani ni ipi. Hutawapangia nani akae wapi. Wape wiki mbili wachague, wahamishe, wafukie. Mimi nilichora ramani ya mitaa yangu, wao wakaifuta usiku wa pili, na ramani ya pili ndiyo niliyoitumia.

Sasa kaa na daftari. Dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, siku saba. Andika nani anachimba, nani anachungulia, nani anafukuzwa. Hadithi yangu yote ilitoka kwenye daftari hilo. Jike la kulia kabisa lilikuwa likihamisha mchanga na kuutema mlangoni kwa jirani yake. Jirani akiurudisha. Siku ya nne lile la kulia likafunikwa karibu lote na halikutoka mpaka jioni. Huyo akawa Mama Chausiku. Jirani akawa Bibi Mlango. Dume likawa Bwana Ua, anayejiona anatawala na hajui lolote. Wawili wa kushoto ni Siti na Kitwana, vijana, ambao kazi yao ni kupeleka umbeya.

Kuandika na kurekodi

Hadithi ya aina hii haina mwanzo wa kudumu. Mgeni anaweza kuanza kwa Kitwana au kwa Bwana Ua, kwa hiyo kila kipande kijitegemee. Usianze kipande kwa "basi" wala "kisha". Kila kimoja kitaje jirani mmoja kwa jina, na kiache shaka juu yake, ili msikilizaji atamani kuinua kifuu cha pili. Mama Chausiku anasema: "Mchanga huu si wangu. Muulize Bibi Mlango aliamka saa ngapi leo." Bibi Mlango hakatai wala hakubali, anaeleza jinsi mlango unavyotakiwa kufagiliwa. Ukweli unaupata ukisikiliza wote watano, na hata hapo watu hutoka wakibishana.

Kila nyumba ina vipande saba. Viwili vya wakati samaki yumo ndani au ametulia, viwili vya wakati yuko mlangoni, viwili vya wakati anachimba au anagombana, na kifupi kimoja cha kumwambia mgeni kwamba amepiga kelele. Jumla vipande 35, vile vya hadithi viwe vya sekunde 40 hadi 70. Vile vya kelele visizidi sekunde nane. Vyote pamoja ni kama nusu saa.

Tafuta watu wanaojua kuhadithia, si wanaojua kusoma. Mwanamke aliyemsemea Bibi Mlango ana miaka zaidi ya sabini na hakutaka karatasi. Nilimwonyesha samaki kwenye simu, akacheka, akasema, "Huyu namjua, tulipanga naye Tandika." Akazungumza dakika kumi na moja, nikakata vipande kutoka humo. Mlipe kila mtu kabla ya kurekodi, na mkubaliane kwa maandishi sauti itatumika wapi.

Studio haihitajiki. Kabati lililojaa nguo likiwa wazi mbele ya msemaji, blanketi nyuma yake, simu nzuri umbali wa shubiri mbili. Saa ya kurekodi ndiyo muhimu: Dar inanyamaza kati ya saa saba za usiku na saa kumi, kabla ya adhana na magari ya kwanza. Zima friji. Halafu usisahau kuiwasha, kama mimi.

Vifuu na umeme

Chagua vifuu vikubwa vya nazi zilizokomaa, vilivyokatwa sawasawa. Viparue kwa msasa ndani na nje, vipake mafuta ya nazi, vikae siku mbili. Toboa tundu moja chini kwa ajili ya waya. Ndani weka spika ndogo ya omu 8 na, pembeni yake, maikrofoni ndogo ya sensa ya sauti, ile yenye pini ya analogi. Funika kwa kipande cha kanga kilichovutwa vizuri. Ukingoni gundisha sumaku.

Kifuu kinaning'inia kwenye kulabu ya ubao ulio mbele ya meza, usiogusana na meza wala tangi. Nyuma ya ubao, pale sumaku inapotulia, weka swichi ya sumaku, ile ya kioo inayotumika kwenye kengele za milango. Kifuu kikiinuliwa, sumaku inaondoka, swichi inafunguka, mashine inajua. Hakuna kitufe cha kuvunjika. Nilianza na sensa ya joto la mwili inayomwona mtu akikaribia, ikanidhalilisha: hiyo hutegemea tofauti kati ya joto la mtu na la ukuta, na saa nane mchana ndani ya chumba cha Dar tofauti hiyo karibu haipo.

Ubongo ni Arduino Uno, kibao kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu. Kila kifuu kina kicheza sauti chake, DFPlayer Mini, kinachosoma memori kadi isiyozidi GB 32. Kwenye kadi tengeneza folda ya nyumba yake, 01 hadi 05, na ndani yake faili 001.mp3 hadi 007.mp3 za vile vipande saba, na 008.mp3 yenye neno "Paukwa!" tu, ukifuata namba hizo kamili, vinginevyo kicheza sauti kitachagua kinachokitaka. Ukiweza, weka folda zote tano kwenye kila kadi. Kadi moja ikifa saa za wageni utahamisha bila kufikiri. Kati ya pini ya Arduino na pini ya RX (ya kupokea amri) ya DFPlayer pitisha resista ya kilo-omu 1, itaondoa mlio wa kukwaruza. Vicheza sauti vitano visile umeme kutoka pini ya 5V ya Arduino; vipe adapta yao ya volti 5 na ampia 3, na unganisha waya hasi zote pamoja. Sauti ina ngazi 0 hadi 30. 16 inatosha sikio na haifiki kwenye kioo.

Waya wa kifuu uwe wa nyuzi nyingi laini. Nilitumia waya wa mtandao wa kompyuta, una nyuzi nene moja moja, ukakatikia ndani siku ya pili na nikapoteza saa tatu nikimtafuta Siti.

Mpangilio wa programu ni huu. Kifuu kinainuliwa, baada ya sekunde moja kinasema "Paukwa!" Kwa sekunde nne zinazofuata, na wakati huo tu, maikrofoni ya kifuu hicho inasikiliza. Mgeni anakishusha mdomoni, ananong'ona "Pakawa", anakirudisha sikioni. Sauti ikiwa kati ya kiwango cha chini na cha juu, hadithi inaanza. Ikiwa juu ya kiwango, kinachezwa kipande cha 007. Cha Bibi Mlango kinasema: "Hee! Nyumba yangu ina mlango, haina sikio la chuma. Anza upya, taratibu." Kifuu kikirudishwa kwenye kulabu, sauti inakatika.

Hicho kiwango cha juu ndicho kilichotatua ile siku ya bodaboda. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili namna ya kuwanyamazisha watoto. Ukimwambia mtoto anyamaze, anakuchukia. Ukimwambia hadithi inafunguka kwa mnong'ono tu, yeye ndiye atakayemnyamazisha baba yake.

Umeme karibu na maji una adabu yake. Kinachogusika na mgeni kiwe cha volti 5 tu. Adapta na ekstensheni zikae juu, zimefungwa ukutani, si chini ya tangi. Kila waya unaotoka kwenye tangi kwenda soketi ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone likitembea juu yake lidondokee sakafuni. Na fundi umeme akufungie swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Hili la mwisho si la hiari.

Jicho la kamera

Kabla hujaandika mstari hata mmoja wa programu, fanya jaribio la mtu. Mkalishe rafiki nyuma ya pazia la kaniki lenye tundu, mpe vitufe vitatu kwa kila nyumba: ametulia, yuko mlangoni, yuko kazini. Anatazama samaki, anabonyeza. Leta wageni watano. Kama hadithi haiwagusi ikiongozwa na macho ya binadamu, kamera haitaiokoa. Na kama bajeti imeisha hapo, bakia hapo. Maonyesho mawili ya kwanza niliyafanya hivyo na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Ukiendelea, kompyuta mpakato iliyochakaa na kamera ya USB zinatosha, pamoja na Python, lugha ya kuandikia programu, na OpenCV, zana yake ya kuchambua picha, ambazo ni bure. Kamera itazame kutoka mbele, chini ya usawa wa maji. Nilianza kwa kuiweka juu, na viputo vya pampu vikafanya mawimbi ambayo kompyuta ilidhani ni samaki mia mbili. Chora visanduku vitano, kimoja kwa kila nyumba. Mara tano kwa sekunde, programu ilinganishe picha mpya na iliyotangulia na kuhesabu nukta zilizobadilika ndani ya kila kisanduku. Chukua wastani wa sekunde kumi.

Kosa langu lilikuwa kutumia kipimo kimoja kwa nyumba zote. Bwana Ua ni mkubwa na hatulii, kwa hiyo siku nzima alikuwa "kazini", na Siti, ambaye ni kama ukucha, hakuwahi kuonekana amefanya lolote. Linganisha kila nyumba na mazoea yake yenyewe ya saa iliyopita, ndipo utajua kwa Siti leo kuna jambo. Matokeo yapelekwe Arduino kwa kebo ya USB: namba ya nyumba na namba ya hali.

Samaki wote wakitulia, usilazimishe vituko. Vipande vya utulivu ndivyo nilivyovipenda mwishoni. Kimoja cha Kitwana ni pumzi tu, sekunde ishirini, kisha anasema: "Nimechoka kusema ya watu." Wageni husimama hapo muda mrefu kuliko kwingine.

Chumba

Giza la wastani, taa hafifu ya tangi, iwake jumla ya saa nane hadi kumi kwa siku na si zaidi. Iwashwe pole pole asubuhi. Picha za simu zisipigwe kwa mwanga, andika hivyo mlangoni. Zunguka tangi kwa kaniki ili samaki wasione vivuli vya watu nyuma, na mlangoni tundika kanga, yangu imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ubao wa nyuma nilimpa mchoraji wa Tingatinga wa Oysterbay, mitaa ya magamba na mawimbi juu yake. Rangi hizo za mafuta zina harufu kali, kwa hiyo ziache zikauke wiki moja kwenye jengo lingine. Ukinusa rangi chumbani, samaki wanainywa.

Ukutani niliweka picha moja tu, ya reli. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaja Dar ndani ya masanduku, ikapelekwa Kigoma kwa reli ikiwa vipande vipande na kuungwa kule. Wageni wazee huisimulia picha hiyo kuliko nilivyoisimulia mimi. Ukoo wa samaki wangu umetoka ziwa hilohilo, safari ya kinyumenyume, ukiwa mzima.

Vifuu vitatu vining'inie kimo cha mtu mzima na viwili kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Wageni kumi kwa wakati mmoja chumbani, basi. Lisha samaki nusu saa kabla ya kufungua, chakula kidogo kilichosagwa unga, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kulisha. Katikati ya siku funga saa moja. Futa vifuu kwa spiriti, pima joto, hesabu samaki.

Siku ya kuondoka

Panga watakakokwenda kabla hujafungua. Wasimwagwe mtoni wala kwenye mfereji, hata mmoja. Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na bado tunahesabu samaki waliopotea. Chota maji ya tangi kwenye ndoo mbili zenye vifuniko. Sponji ya kichujio isafiri ndani ya maji hayo, isikauke, isioshwe kwa maji ya bomba, maana bakteria wako wote wamo humo.

Magamba yaachie hadi mwisho, na usiyatikise kumtoa samaki. Lihamishe kila moja ndani ya bakuli lililozamishwa tangini, mdomo wa gamba ukitazama juu, kisha inua bakuli likiwa na maji. Gamba likipita hewani likanasa kiputo, mayai yaliyo ndani yatakauka. Langu la Siti lilikuwa na watoto watatu wakubwa kama punje za mtama. Nililibeba mwenyewe, nyuma ya bajaji, bakuli mapajani, nikimwomba dereva asikimbilie matuta.